Makato ya hasara ya dhoruba si fidia

"Bima wakikuzingua achana nao, paa utarudishiwa kwenye kodi." Kauli hii husikika kila dhoruba inapopita Houston na miji mingine ya Marekani wanakoishi wenzetu wenye nyumba. Anayeisema huwa na nia njema. Tatizo ni kwamba amechanganya vitu vitatu, na anayemsikiliza anaweza kupoteza pesa nyingi kuliko alizopoteza kwa upepo.

Makato ya hasara ya janga ni kiasi ambacho mwenye nyumba anaruhusiwa kukiondoa kwenye mapato yake kabla kodi haijapigiwa hesabu, kwa sababu mali yake imeharibiwa ghafla na tukio lisilo la kawaida: kimbunga, mafuriko, moto. Tangu mwaka wa kodi wa 2018, kwa nyumba ya kuishi, tukio hilo sharti liwe janga lililotangazwa na serikali kuu. Kuanzia 2026 yanaingia pia baadhi ya majanga yaliyotangazwa na jimbo. Mchwa, mbao zilizooza na bomba lililovuja miaka mitatu havimo, hata kama dhoruba ndiyo iliyoyafichua.

Sasa angalia yanakatwa wapi. Fidia ni pesa unayopewa: na bima, au na FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, kama ruzuku. Unafuu wa kodi, ule wa watoto kwa mfano, huondolewa kwenye kodi yenyewe, dola kwa dola. Makato hayafanyi lolote kati ya hayo. Yanapunguza mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo unachookoa ni asilimia tu ya hasara, kulingana na kiwango chako cha kodi. Aliye kwenye kiwango cha 12% akikata dola 1,000, anaokoa 120. Zile 880 zimekwenda na upepo.

Tuchukue kimbunga Beryl kilichotua pwani ya Texas tarehe 8 Julai 2024. Mume na mke walinunua nyumba kwa dola 180,000, wakaongeza jiko na madirisha ya 20,000. Gharama yao kwenye nyumba ni 200,000. Kabla ya kimbunga ingeuzika 310,000, baada yake 270,000. Sheria inachukua kidogo kati ya viwili: thamani iliyoshuka au gharama yako. Hapa ni 40,000. Bima ikalipa 26,000, FEMA ikatoa 4,000 za matengenezo. Zinabaki 10,000.

Beryl ni miongoni mwa majanga makubwa yaliyopewa masharti nafuu: unatoa dola 500 tu, zinabaki 9,500, na unaziongeza juu ya makato ya kawaida ambayo kila mtu anapewa (29,200 kwa wanandoa mwaka 2024). Kama mapato yao ni 70,000, wamo kwenye 12%, kwa hiyo wanaokoa dola 1,140. Kwa nyumba iliyopoteza 40,000!

Na hao wana bahati. Kwa janga lisilo na masharti hayo, unatoa dola 100, kisha 10% ya mapato yako. Kwa familia hiyohiyo ni 100 na 7,000, zinabaki 2,900, na hata hizo hazina faida mpaka uorodheshe makato yako yote kwenye fomu iitwayo Schedule A na jumla yake ipite yale ya kawaida. Wengi haipiti. Wanajaza karatasi wiki nzima na kodi haishuki hata senti. Ndiyo maana namba ya tangazo la janga ina uzito. Fomu 4684, ya kupigia hesabu hasara hizi, inaitaka juu kabisa, na ya Beryl kwa Texas ni DR-4798, yaani tangazo la janga kubwa. Namba inayoanza na EM, yaani tangazo la dharura, inatosha kwa makato ya hasara yenye masharti magumu lakini haikupi ile nafuu ya dola 500.

Kosa la pili limejificha kwenye neno "hasara". Watu huandika bei ya fundi. Bei ya ukarabati inakubaliwa kama kipimo cha thamani iliyoshuka, ila kwa masharti: kazi iwe imefanyika kweli, irudishe nyumba ilivyokuwa, na isiipandishe thamani. Aliyekuwa na vigae vya lami akaezeka bati la gharama mara mbili hawezi kudai bei yote ya bati. Kwa hasara ya dola 20,000 au pungufu, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, inakubali makadirio ya maandishi ya wakandarasi wawili wasiohusiana, ukatumia ya chini. Yawe na mchanganuo kipande kwa kipande. Karatasi iliyoandikwa "paa, dola 14,000" haitakusaidia ukikaguliwa. Mkataba uliosainiwa na mkandarasi mwenye leseni nao unafaa. Ada ya mthamini na gharama za kupiga picha za uharibifu hazihesabiki kuwa hasara, lakini picha zenyewe piga, kabla hujafunika paa kwa turubai.

Mkopo wa maafa wa SBA, idara ya serikali kuu ya biashara ndogo, haupunguzi hasara kwa sababu utaulipa. Ruzuku ya FEMA ya kutengeneza nyumba inaipunguza. Michango ya ndugu na kanisa iliyotolewa bila sharti la matumizi haiipunguzi, hata kama uliitia yote kwenye paa.

Upo pia mlango ambao wengi hawaujui: hasara ya janga lililotangazwa inaweza kuingizwa kwenye ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka uliotangulia, ukapata marejesho mapema. Uamuzi huo una mwisho wake, miezi sita baada ya tarehe ya kawaida ya kuwasilisha ritani ya mwaka wa janga. Kwa Beryl ilikuwa 15 Oktoba 2025. Aliyechelewa bado anaweza kurekebisha ritani ya 2024 kwa fomu 1040-X. Kwa kawaida anayo miaka mitatu tangu alipoiwasilisha.

Sasa turudi kwa yule anayesema achana na bima. Sehemu ya hasara ambayo bima ingeilipa haikatwi kabisa kama hukufungua madai kwa wakati. Kinachobaki kuwa hasara yako ni kile ambacho mkataba wa bima unakuachia ulipe mwenyewe, na walichokataa. Anayekwepa kudai akiogopa ada ya bima kupanda anakosa vyote viwili, malipo na makato. Mwelewesheni taratibu: afungue madai kwanza, na barua ya majibu, hata ikiwa ya kukataliwa, aitunze pamoja na nakala ya Fomu 4684.