Kompaila ikikwambia imepiga kopi ya arei yako

Juzi kaja jamaa na kode yake ya Fortran (lugha ya programu za mahesabu), analalamika programu inakokota miguu. Nikaikompaili na gfortran (kompaila ya Fortran, yaani programu inayogeuza kode iwe kitu kompyuta inaweza kuendesha) nikaongeza swichi ya -Warray-temporaries, inayoonya kompaila ikitengeneza kopi ya muda ya arei, yaani ya safu ya namba (hii hata ukiweka -Wall, swichi ya maonyo ya kawaida, haiji, lazima uitaje kwa jina), yakamwagika maonyo ya "Creating array temporary", na mengi yananyooshea kidole lupu moja tu:

call panga(a(i,:), n)

Hapo anaita sabrutini (kipande cha kode chenye jina) iitwayo panga, anaipa a(i,:), yaani mstari wa i wa matriksi a; a(:,i) ingekuwa kolamu ya i. Sasa iko hivi, Fortran inaweka arei kwenye memori kolamu kwa kolamu, sio mstari kwa mstari kama C. Kwa hiyo namba za a(:,i) zimekaa bega kwa bega ila za a(i,:) zimetawanyika, na matriksi ya jamaa ni 4000 kwa 4000, kila namba baiti 8, yaani kutoka namba moja ya mstari kwenda ya pili unaruka baiti 32,000! Halafu ndani ya sabrutini arei inayopokelewa anaiita x, na kaitangaza x(n), staili ya kizamani, hapo ni kama kaiahidi kompaila kwamba x haina mapengo. Kompaila itafanyaje, inachota namba 4000 mojamoja, inazipanga kwenye arei ya muda, inaita panga, ikimaliza inazirudisha zilikotoka. Lupu ikizunguka tena, kazi ileile.

Wengi hapa wanakimbilia kutangaza x(:), inayokubali arei yenye mapengo, na sabrutini wanaitia kwenye moduli ili kompaila ijue inavyopokea arei. Onyo linapotea kweli, kopi hakuna, lakini panga sasa yenyewe ndo inaruka baiti 32,000 kila hatua, na kama inazipitia namba mara nyingi unaweza kukuta afadhali ile kopi. Sisi tuligeuza indeksi ikawa a(:,i), ikabidi tuguse na sehemu inayosoma data, jioni nzima ikaishia hapo.

Maonyo ya arei za namba tatu nne nje ya lupu mi nayaacha, sina muda nayo. Ninayoyaogopa ni ya MPI_Isend (amri ya kutuma ujumbe kwa programu nyingine bila kusubiri uondoke) kwa interfesi ya zamani: unaipa a(i,:), kompaila inapiga kopi, kolu inarudi na kopi inafutwa hapohapo wakati ujumbe bado haujaondoka, upande wa pili wanapokea takataka, tena siku nyingine zinafika namba sahihi kabisa.