Mkanda unaosimama mara 16 kwa sekunde

Nikiwauliza wanafunzi wangu kazi ngumu ya mtambo wa sinema ni ipi, wengi hujibu: kuuendesha mkanda. Kuuendesha ni rahisi. Kazi ni kuusimamisha.

Tazama Kinetoscope ya mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison, iliyofunguliwa kwa watu New York mwezi Aprili 1894. Lilikuwa sanduku la mbao. Unainama, unachungulia tunduni, mtu mmoja mmoja. Ndani, mkanda ulipita bila kutua, na kila picha iliangazwa kufumba na kufumbua kupitia upenyo mwembamba. Mwanga huo unalitosha jicho lililo tunduni. Ukiutupa ukutani, watu hawaoni kitu.

Auguste na Louis Lumière wa Lyon, Ufaransa, walikuwa na kiwanda cha vifaa vya kupigia picha. Jibu la namna ya kuusimamisha mkanda alilipata Louis, na lilifanana na kazi ya cherehani. Mwangalie fundi akipinda kanga: sindano ikiwa ndani, kitambaa kimetulia, ikipanda, meno ya chini yanakivuta kidogo, kisha kinatulia tena. Kwenye mtambo wao, Cinématographe, kucha mbili za chuma zinaingia kwenye matundu ya mkanda, zinaushusha picha moja, zinachomoka na kupanda kuifuata nyingine. Kucha zinapovuta, kisahani kinachozunguka kinaziba mwanga. Picha ikitua, kinaufungulia. Mara 16 kwa sekunde, na theluthi mbili za muda wote mkanda umesimama. Waliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, tarehe 13 Februari 1895.

Niliwahi kukitoa kisahani hicho kwenye mtambo mkongwe wa kuzungusha kwa mkono ili nione kwa macho yangu. Mkanda uliendelea kusimama na kwenda kama kawaida, lakini kila doa jeupe likaota mkia, na uso wa mtoto ukachuruzika ukutani kama rangi mbichi. Nilipokirudisha, mtoto akarudi. Tangu siku hiyo naamini giza lile la katikati ni nusu ya sinema.

Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha mkahawa wa Grand Café jijini Paris, watu 33 walilipa faranga moja moja wakaona filamu kumi, kila moja haifiki dakika.

Lakini mkanda ukisimama mbele ya taa unapata joto, na mikanda ya enzi zile ilishika moto upesi mno. Hapa ndipo ninapowavulia kofia akina Lumière. Mbele ya taa waliweka chupa ya kioo ya mviringo iliyojaa maji. Maji yalikusanya mwanga kama lenzi na kumeza joto. Chupa ikipasuka, mwanga unatawanyika na mkanda unasalimika. Na maji yasichemke kwa kishindo na kuitikisa picha, walining'iniza ndani yake kipande cha makaa kwa uzi.