Je, wajua kwa nini ukuta mmoja huweza kuonekana kama nyumba nzima?

Katika mtaa wa Leinster Gardens, magharibi mwa London, pana nyumba mbili, namba 23 na namba 24, ambazo si nyumba. Kwa mbele zina karibu kila kitu walicho nacho majirani zao: nguzo mlangoni, roshani zenye nakshi, madirisha marefu yaliyopangwa kwa safu, na rangi nyeupe inayoendelea kutoka jengo hadi jengo. Lakini milango yake haifunguki, na mahali pa vioo pamepakwa rangi tu. Nyuma ya ukuta huo, wenye unene wa takriban mita moja na nusu, hapana chumba wala ngazi wala paa. Pana shimo lililo wazi ambamo treni za chini ya ardhi hupita.

Nyumba za awali zilibomolewa katika miaka ya 1860, kampuni ya reli ya Metropolitan ilipokuwa ikichimba njia kupitia Bayswater, sehemu iliyofunguliwa mwaka 1868. Treni za wakati huo ziliendeshwa kwa mvuke, nazo zilihitaji mahali pa kupumulia, yaani nafasi wazi ya kutolea moshi na mvuke uliozuiwa wakati zikipita ndani ya handaki. Ili pengo hilo lisiuharibu mtaa wa watu wenye uwezo, ulijengwa uso mtupu unaofanana na nyumba za jirani. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 150, wapita njia wamekuwa wakiona nyumba mbili mahali ambapo hapana hata moja. Inakuwaje ukuta pekee utoshe kutufanya tuone vyumba, ngazi na watu wanaoishi ndani?

Jibu jepesi ni kwamba macho hudanganywa, lakini naona jibu hilo linayaonea macho. Hakuna mtu aliyewahi kuiona nyumba nzima kwa mtazamo mmoja. Ukisimama mbele ya jengo lolote lile, la kweli au la bandia, unachopata ni mwanga uliogonga sehemu ya nje iliyokuelekea na kurudi hadi kwenye retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Hata mwanga huo hatuupokei kwa ukamilifu, kwa kuwa sehemu ya retina inayoona kwa undani kabisa ni ndogo mno: eneo inaloweza kulihudumia kwa wakati mmoja ni kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Sehemu nyingine zote tunaziona kwa ukungu, na kila jicho lina doa lisiloona kitu kabisa, pale mshipa wa fahamu unapotokea kuelekea kwenye ubongo. Jicho hurukaruka mara kadhaa kila sekunde likiokota vipande, na ubongo huviunganisha na kujaza mapengo kwa kutumia yale uliyoyazoea.

Kazi hiyo ya kujaza ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Paka akipita nyuma ya uzio wa mbao, hatuoni vipande vinne vya manyoya vinavyotembea pamoja, bali tunamwona paka mmoja, ingawa nusu ya mwili wake imefichwa. Mwaka 1955 mwanasaikolojia wa Italia, Gaetano Kanizsa, alionyesha jambo hilo kwa mchoro rahisi sana: akiweka duara tatu nyeusi, kila moja ikiwa imekatwa kipande na kugeuzwa upande ufaao, mtazamaji huona pembetatu nyeupe yenye kingo kali, inayong'aa kuliko karatasi inayoizunguka, ilhali hapana mstari wowote uliochorwa hapo. Ubongo hauchezi tunapoona hivyo. Unafanya kazi ileile inayotuwezesha kushika kikombe bila kwanza kukizunguka ili kuhakikisha kwamba kina upande wa nyuma.

Kwa hiyo ukuta wa Leinster Gardens hauhitaji kusema mengi. Unatoa dalili ambazo katika maelfu ya nyumba tulizowahi kuziona zimekuwa zikiambatana na vyumba, na vyumba vyenyewe vinajengwa na anayetazama. Tena hujengwa hata pale anayetazama anapojua ukweli. Katika miaka ya 1970 mtafiti Richard Gregory na wenzake huko Bristol walivutiwa na ukuta wa mkahawa mmoja uliopambwa kwa vigae vyeusi na vyeupe, kila safu ikiwa imesogezwa kidogo isilingane na ile ya chini yake. Mistari ya saruji kati ya safu hizo ni sambamba kabisa, lakini kwa mtazamaji huonekana imelala upande, ikikaribiana huku na kuachana kule. Ukichukua rula ukapima, utaridhika kwamba imenyooka; ukiinua macho tena, itakuwa imepinda vilevile. Ujuzi unakaa katika chumba kimoja cha akili na kuona katika kingine, na mlango kati yao ni mwembamba sana.

Jengo lina nguvu nyingine ya ziada, nayo inatokana na uso wa binadamu. Si bure kwamba neno la Kiitaliano facciata, linalotaja upande wa mbele wa jengo, limetokana na faccia, yaani uso, na kwamba nasi kwa Kiswahili tunaweza kusema uso wa nyumba na tukaeleweka papo hapo. Ubongo una sehemu zinazoshughulika hasa na kutambua nyuso, na ziko macho kiasi kwamba madirisha mawili na mlango chini yake hutosha kuziamsha. Watoto waliozaliwa punde hugeuza macho kufuata michoro inayofanana na uso kuliko michoro yenye vipande vilevile vilivyovurugwa. Kinyago nacho, ukikitazama kwa upande wa ndani uliobonyea, mara nyingi huonekana kama uso uliotokeza nje, kwa sababu ubongo haujawahi kukutana na uso wa mtu uliobonyea ndani na unakataa kukubali kwamba upo.

Nyuso pia tunazihukumu haraka mno. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa sura za wageni kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo uliwatosha kuamua kama mtu anaaminika au ana uwezo, na uamuzi wao uliwiana na ule wa watu waliotazama bila kuwekewa kikomo cha muda. Walipoongezewa muda, uamuzi haukubadilika sana. Kilichoongezeka zaidi ni kujiamini. Naliona hilo kuwa jambo zito kuliko kiini macho chochote cha vigae, kwa sababu linaonyesha kwamba mtazamo wa pili mara nyingi hauji kuusahihisha wa kwanza, bali kuuimarisha.

Wajenzi walilielewa jicho kwa vitendo muda mrefu kabla ya maabara. Hekalu la Parthenon huko Athens, lililoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo, huonekana limenyooka kila upande, lakini sakafu yake imeinuka katikati kwa takriban sentimita 6 kwenye pande fupi na sentimita 11 kwenye pande ndefu, nguzo zake zimevimba kidogo na kuinama kuelekea ndani, na zile za pembeni ni nene kuliko nyingine. Vitruvius, msanifu wa Kirumi, alieleza kwamba jukwaa likijengwa sawasawa kabisa litaonekana limebonyea, kwa hiyo inafaa kulipinda ili lionekane sawa. Wataalamu bado wanajadiliana kama hiyo ndiyo iliyokuwa sababu pekee, lakini kazi yenyewe ipo na imepimwa.

Huko Roma mchezo huo ulifikishwa mbali zaidi. Katika jumba la Palazzo Spada, Francesco Borromini alijenga karibu mwaka 1653 ukumbi wa nguzo wenye urefu usiofika mita 9, lakini ukisimama mwanzoni mwake utadhani una zaidi ya mita 30. Sakafu hupanda polepole, dari hushuka, kuta hukaribiana na nguzo hupungua kimo kadiri zinavyokwenda mbali, hata sanamu iliyo mwishoni, inayoonekana kuwa na kimo cha mtu, haifiki kiunoni mwa mtu mzima. Na katika kanisa la Sant'Ignazio, ambalo halikupata kujengewa kuba, Andrea Pozzo alichora mwaka 1685 kuba zima juu ya turubai lenye upana wa takriban mita 17. Sakafuni pamewekwa alama inayoonyesha mahali pa kusimama. Ukiwa hapo, kuba hupaa juu yako likiwa na nguzo na mwanga wake. Ukisogea mbali nalo hupinda na kuanguka upande, na hapo ndipo unapogundua ni sehemu gani ya kazi ilikuwa ikifanywa na wewe mwenyewe.

Methali yetu husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na kwa watu wengi neno lolote kuhusu sura ya nje huishia katika lawama hiyo. Ndivyo ilivyovuma hadithi ya Grigory Potemkin, anayedaiwa kuwa mwaka 1787 alisimamisha vijiji vya bandia kandokando ya njia ya malkia Catherine wa Pili wa Urusi, ingawa wanahistoria wengi wanaona habari hizo zilitiwa chumvi. Lakini uso wa jengo si lazima uwe uongo, na anayedai kwamba unaweza kuondolewa kabisa atapata shida kutuonyesha namna. Tangu fremu za chuma zilipoanza kubeba uzito wa majengo, kama ilivyofanyika katika jengo la Home Insurance la Chicago mwaka 1885, ukuta wa nje ulizidi kuachiwa mzigo mwepesi hadi ukabaki kama vazi. Wasanifu wa karne ya 20 waliochukia mapambo walitaka vazi hilo liseme kweli tupu kuhusu mifupa iliyo ndani.

Hapo ndipo jengo la Seagram la New York, lililokamilika mwaka 1958, linapogusa moyo wangu. Ludwig Mies van der Rohe alitaka chuma kinachobeba jengo kionekane, lakini sheria ya kuzuia moto iliagiza chuma hicho kifunikwe kwa zege. Alikifunika, kisha juu ya uso wa nje akapachika mihimili myembamba ya shaba isiyobeba uzito wa jengo, ili mtazamaji auone muundo ambao umefichwa. Ni pambo linaloeleza ukweli, na lisingekuwepo, jengo lingesema machache zaidi kuhusu lilivyo. Sijui neno fupi la kuliita jambo hilo. Uongo si neno lake.

Ukuta wa Leinster Gardens nao haukujengwa kwa ajili ya mwenye nyumba, kwa kuwa hana nyumba. Ulijengwa kwa ajili ya wanaopita, ambao kwa kila jengo la mji ndio wengi kuliko wanaolala ndani yake, na ambao huo upande wa nje ndio sehemu pekee watakayowahi kuimiliki. Anayetaka kuuona upande wa pili huzunguka hadi mtaa wa nyuma, Porchester Terrace, na kuchungulia juu ya ukuta mfupi. Kutoka hapo huonekana mgongo mtupu usio na madirisha, mihimili mizito inayozizuia kuta za pembeni zisiangukiane, na chini kabisa reli. Kisha akirudi mbele na kusimama tena kando ya barabara, ataziona nyumba mbili.