Je, wajua kwa nini upasuaji wa aota unaweza kupooza miguu?

Mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kuishusha hadi tumboni. Mgongo wake haukuguswa. Anazinduka, mikono iko sawa, anaongea, lakini miguu haisogei kabisa. Imekuwaje?

Ugwe mgongo, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, hulishwa na ateri tatu ndefu: mbili nyuma, moja mbele. Hiyo moja ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwani hulisha takriban theluthi mbili za unene wa ugwe. Damu inayoingia huko juu shingoni haitoshi kufika chini, hivyo huongezewa njiani na vijishipa vinavyochepuka kutoka kwenye aota. Mimba ikiwa changa, vijishipa hivyo viko kwenye kila pingili. Baadaye vingi hunywea. Sehemu ya chini hubaki ikitegemea sana kimoja, chenye upana wa kama milimita 1 tu. Kinaitwa ateri ya Adamkiewicz, kwa jina la Albert Adamkiewicz, mtaalamu wa patholojia wa Poland aliyechunguza mishipa hii mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Mara nyingi hutokea kushoto, kati ya pingili ya 9 na ya 12 za kifua. Mara nyingi, si mara zote: kuna watu kinatokea kulia, au chini zaidi kiunoni. Kwa hiyo daktari akibana aota ili akate sehemu iliyovimba, huenda amefunga mlango asioujua.

Hasara yenyewe ina sura yake. Mchome mgonjwa sindano mguuni, hasikii. Mwambie afumbe macho, ukikunje kidole gumba cha mguu, atakwambia kimeelekea juu au chini! Hisia hiyo hupita sehemu ya nyuma ya ugwe, yenye ateri zake mbili.

Ripoti ya Marekani ya mwaka 1993, yenye wagonjwa 1,509 waliopasuliwa aota ya kifua na tumbo, ilionyesha asilimia 16 walipooza au kudhoofika miguu. Siku hizi mishipa hutafutwa kwanza kwa picha za CT, na matawi muhimu hushonwa upya kwenye mshipa bandia. Mbinu ninayoiona ya busara zaidi ni kupunguza maji yanayozunguka ugwe kwa kimrija kiunoni. Ugwe umo ndani ya mfereji wa mfupa usiotanuka. Shinikizo la maji likipungua, damu hupata nafasi ya kupenya.

Kupooza kunaweza pia kuja siku kadhaa baadaye, presha ikishuka. Ndiyo maana wodini mgonjwa huulizwa tena na tena asogeze vidole vya miguu: ikigundulika mapema, presha ikapandishwa na maji yakapunguzwa, wapo wanaosimama tena.