Bomba la Maji Machafu Halilazwi kwa Jicho

Nyumba yetu ya Makorora, hapa Tanga, ilikuwa inaziba choo kila baada ya wiki chache. Tulilaumu watoto, tukalaumu wapangaji. Tulipofukua uani, kosa lilikuwa kwenye kipimo: kutoka choo hadi karo, yaani shimo la maji machafu, ni mita 14, na bomba lilikuwa limeshuka sentimita 8 tu. Tangu hapo nayasikiliza kwa makini maneno yanayosemwa kwenye ujenzi, na mengine yanawaingiza watu gharama bure.

"Maji hujua njia yake, mradi bomba liiname kidogo." Maji ndiyo, uchafu sivyo. Uchafu na mchanga hubebwa na mwendo wa maji, na mwendo unaolengwa ni kama sentimita 60 hadi 75 kwa sekunde. Kwa bomba la inchi 4 kutoka chooni, kipimo cha kuaminika ni kushuka sentimita 2.5 kila mita, yaani 1 kwa 40. Sisi tulihitaji sentimita 35. Inawezekana kwenda hadi 1 kwa 80, yaani sentimita 1.25 kila mita, lakini kwa kazi iliyonyooka kwelikweli.

"Chimba karo kwanza, bomba litafuata." Hapa ndipo tulipoharibikiwa. Tundu la kuingilia karo lilitobolewa mapema, juu mno, na fundi akabaki kuligawa lile pengo dogo alilobakishiwa. Hesabu ianzie chooni: pima umbali, zidisha kwa sentimita 2.5, ndipo uweke alama ya tundu la karo.

"Mteremko mkali zaidi ndio bora." Wengine husema kinyume chake, kwamba ukizidi maji hukimbia na kuacha kinyesi nyuma. Hili la pili limekuzwa mno. Bomba la choo cha ghorofani hushuka wima, na bado halizibi. Hasara ya mteremko mkali iko kwingine. Ukilaza 1 kwa 20, mita 14 zinakula sentimita 70 za kina, na karo lote linalazimika kushuka. Sehemu za chini zilizo karibu na bahari, masika yakikolea, maji ya ardhini hupanda, na shimo la kina hugeuka kisima. Na kwa bomba jembamba la sinki kuna jambo jingine: maji yakishuka kwa kasi huku yamelijaza bomba, huyavuta hata yale yanayopaswa kubaki kwenye kona ya U chini ya sinki. Yakiondoka hayo, harufu ya karo inaingia jikoni.

"Bomba kubwa linataka mteremko mkubwa." Ni kinyume. La inchi 4 linaweza kuvumilia hata ile 1 kwa 80, lakini bomba jembamba la sinki lisishuke chini ya sentimita 2 kila mita. Ukiwekea sinki bomba la inchi 4, maji machache hutandaa chini yake kama utando na kuacha machicha na mafuta ya nazi njiani. Mafuta hayo huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo usiku wa kipupwe yanatosha kushika kuta za bomba.

"Pima maji ikionyesha kushuka, imetosha." Pima maji, ile rula ya fundi yenye kipovu, inaonyesha kushuka, lakini kushuka kiasi gani? Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, gongomea kibao cha unene wa sentimita 2.5 chini ya ncha moja, na ncha hiyo iwe upande wa karo. Weka pima maji juu ya ubao. Kipovu kikikaa katikati, mteremko ni sahihi. Usiuegemeze ubao kwenye shingo pana ya maungio, itakudanganya. Shingo hiyo ielekee juu, maji yanakotoka.

"Kizibo kinamalizwa na dawa." Dawa haiinui bomba lililobonyea. Bomba likiegemezwa juu ya vipande vya matofali, kifusi hulikandamiza katikati, na bonde linalotokea hushika maji hata kama ncha mbili zina tofauti sahihi. Lilaze juu ya mchanga ulioshindiliwa, urefu wote. Kabla ya kufukia, mwaga ndoo moja chooni na msimamishe mtu kwenye chemba, kile kishimo cha kukagulia bomba. Kisha chungulia ndani ya bomba kwa tochi. Ukiona maji yamesimama mahali, inua pale pale, mtaro ukiwa bado wazi.