Kiwanja cha kona kinachotazama bahari: yanayosemwa kuhusu ardhi ya mtandaoni, na yalivyo

Mimi ni dalali wa viwanja hapa Kigoma. Nimetembeza wateja Mwandiga, Gungu na Katubuka mpaka soli za viatu zikaisha, kwa hiyo mtu akinitajia kiwanja, swali langu la kwanza ni bikoni ziko wapi. Ndilo nililomuuliza mpwa wangu alipokuja kijiweni Mwanga na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha ramani ya visanduku vya rangi: viwanja vya ndani ya ulimwengu wa mtandaoni, unaoonekana kwenye kompyuta au simu tu, lakini vinauzwa kwa fedha za kweli.

"Mjomba, huku hakuna bikoni. Ona hiki cha kona, kinatazama bahari. Laki nne tu, mwakani nakiuza milioni mbili."

Alipotaka kukikuza nikione vizuri, ramani ikakwama. Bando limekata.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza. Mengi wanayoambiwa vijana hawa yana punje ya ukweli ndani yake, na punje hiyo ndiyo chambo.

"Ukishanunua, ni chako milele"

Hata hapa kwetu si hivyo. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na mwenye hati amepewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99, huku akilipa kodi ya pango kila mwaka. Ila kuna Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kuna baraza la ardhi, kuna mwenyekiti wa mtaa na majirani walioshuhudia mauziano. Mtandaoni, mdhamini, mpimaji, mtoza kodi na hakimu mara nyingi ni kampuni moja.

Chukua Second Life, ulimwengu wa mtandaoni uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Eneo moja kamili lina mita 256 kwa 256, yaani ekari 16 na ushee, na lote liko ndani ya seva, yaani kompyuta za kampuni. Mwenye kisiwa, yaani eneo kamili linalojitegemea, hulipa ada kila mwezi. Akiacha kulipa, kinamtoka. Novemba 2006 ada ya visiwa vipya ilipanda kutoka dola 195 hadi 295 kwa mwezi, na bei ya kununua kimoja ikafika dola 1,675. Mwaka 2008 kampuni ikashusha bei hiyo hadi dola 1,000. Fikiria umeshika visiwa vitatu ulivyonunua kwa bei ya zamani ukisubiri mteja. Nani atakuja kwako wakati mwenye mali mwenyewe anauza rahisi? Oktoba mwaka huohuo, aina nyingine ya maeneo, yaliyoitwa ya wazi, yaliyokuwa na ada ndogo ya dola 75 kwa mwezi, yakatangaziwa 125.

Kuna pia kesi ya Marc Bragg, wakili wa Pennsylvania. Mwaka 2006 alipata eneo kwa dola 300 hivi kwa kupenya mlango wa nyuma wa mnada. Kampuni ikamfungia akaunti, na kila alichokuwa nacho humo kikafungiwa pamoja nayo. Alishtaki, na mwaka 2007 wakamalizana nje ya mahakama.

Mpwa wangu akanirukia: siku hizi kuna blokcheni, daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, jina lako halifutiki. Kweli, halifutiki. Lakini kilichoandikwa kule ni namba ya kiwanja na anwani ya mwenye nacho. Majengo, barabara na watu wa kukutembelea vinategemea kompyuta na programu za watu wengine. Wakizizima, unabaki na hati safi ya mahali pasipofikika.

"Viwanja ni vichache, vitaisha"

Decentraland, ulimwengu mwingine wa mtandaoni, ina vipande 90,601, kila kimoja mita 16 kwa 16. The Sandbox, mwenzake, ina 166,464. Hesabu hizo ni za kweli, ila ni za shamba moja moja. Hakuna anayemzuia mtu mwingine kufungua shamba jipya ng'ambo: Aprili 2022 kampuni ya Yuga Labs iliuza vipande 55,000 vya ulimwengu wake uitwao Otherside, na wakati huo haukuwa hata umekamilika kujengwa. Ziwa Tanganyika halina tabia hiyo. Lilipopanda miaka hii ya karibuni lilikula ufukwe Kibirizi, na hakuna aliyechapisha ufukwe mwingine.

"Cha kona kina bei"

Hapa ndipo nilipocheka kidalali. Kiwanja cha barabarani kina bei kwa sababu watu hupita kwa miguu na bodaboda. Second Life na Decentraland mtu haihitaji njia. Anabofya, anatokea anakotaka. Desemba 2021 mtu mmoja alilipa takriban dola 450,000 kwa kiwanja jirani na cha mwanamuziki Snoop Dogg ndani ya The Sandbox. Alichonunua ni ujirani na jina la mtu. Huyo jirani akiacha kuingia humo, kona yako inatazama nini?

"Kuna mwanamke alikuwa milionea"

Yupo, na hadithi yake ndiyo inayopotoshwa kuliko zote. Ailin Graef, mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi Ujerumani, alijulikana Second Life kwa jina la Anshe Chung. Mei 2006 alitokea kwenye jalada la jarida la BusinessWeek, na Novemba mwaka huo akatangaza kwamba mali zake za humo zimevuka thamani ya dola milioni moja. Thamani ya mali, si fedha taslimu. Mtu wa viwanja anajua umbali uliopo kati ya hivyo viwili.

Lakini tazama alivyopata. Alinunua maeneo makubwa kwa jumla, akayakata, akatengeneza milima na mito, akaweka masharti ya ujenzi ili jirani asijenge kituko, kisha akauza rejareja na kupangisha. Alikuwa na ofisi Wuhan, China, na wafanyakazi wa kulipwa. Hiyo ni kazi ya kupima na kuuza viwanja, ileile ya kwetu, yenye kodi ya kukusanya na wapangaji wasumbufu.

Jon Jacobs naye, mchezaji wa Entropia Universe, ulimwengu mwingine wa mtandaoni, alinunua kimondo cha humo kwa dola 100,000 mwaka 2005 na mwaka 2010 kikauzwa vipandevipande kwa jumla ya dola 635,000. Katikati hapo alikuwa anaendesha klabu yenye wateja. Hawa wawili hawakukalia visanduku vyao wakisubiri bei ipande.

"Bei yake haishuki"

Novemba 2021, mwezi mmoja baada ya Facebook kujiita Meta, kampuni moja ilinunua eneo la Decentraland kwa sarafu 618,000 za MANA, fedha ya kidijitali ya humo, wakati huo kama dola milioni 2.4. Mwisho wa mwaka 2022 MANA moja ilikuwa chini ya nusu dola. Sarafu zilezile 618,000 hazikufika dola 310,000, kabla hujauliza kama mnunuzi yupo.

"Yote ni utapeli" na "serikali haihusiki"

La kwanza si kweli. Second Life bado ipo, na fedha ya humo hubadilishwa kuwa dola. La pili pia si kweli. Benki Kuu ilitangaza mwaka 2019 kwamba sarafu za kripto si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali.

Nilimwomba mpwa asubiri kidogo na laki nne zake. Alinuna, akasubiri. Wiki iliyopita alikuja tena kijiweni, safari hii bando likiwepo, akafungua ile ramani. Kiwanja cha kona bado kinauzwa. Upande uliokuwa bahari sasa kuna safu mbili za viwanja vipya.