Je, wajua kwa nini sindano ya kupunguza uzito huanza na "dozi ya mtoto"?

Jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, alirudi kutoka kliniki amenuna. Daktari alikuwa amemwandikia semaglutide, ile sindano inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, miligramu 0.25 mara moja kwa wiki. Shoga yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba dozi kamili ya kupunguza uzito ni 2.4. "Pesa zote zile, halafu napewa dozi ya mtoto?" Alitaka kujipandishia mwenyewe ili kilo zimtoke upesi.

Daktari hakukosea. Dozi ile ya kwanza haikuwekwa ili mtu apungue. Imewekwa ili tumbo lizoee.

Tukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba chakula kimefika, kuhimiza kongosho litoe insulini, na kuchelewesha chakula kisitoke tumboni haraka. Ila homoni hiyo ya asili haikai: dakika kama 2 tu, imeshakatwakatwa na vimeng'enya. Semaglutide ni nakala yake iliyorekebishwa isikatwe upesi, tena hujishikiza kwenye albumini, protini ya damu, ikatembea nayo. Kwa hiyo baada ya wiki 1 nusu ya dozi bado imo mwilini, nawe unaongeza nyingine juu yake. Hujilundika hivyo kwa wiki 4 hadi 5 kabla ya kutulia. Ndiyo sababu ngazi hupandwa kila baada ya wiki 4: 0.25, kisha 0.5, 1, 1.7, hadi 2.4.

Sasa fikiria aliyeruka ngazi. Dawa nyingi ukiziacha leo, kesho kutwa zimekutoka. Hii ukishaidunga imekwenda, na hakuna dawa ya kuifuta. Mtu anaweza kutapika siku kadhaa, maji yakamwishia mwilini, figo zikaumia. Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu watu waliovuta dawa kwenye chupa kwa bomba la sindano, wakakosea kupima na kujidunga mara 5 hadi 20 ya dozi waliyopaswa.

Kule kukaa kwa muda mrefu kunaeleza masharti mengine yanayoonekana ya ajabu. Mwanamke anayepanga kupata mimba huambiwa aache semaglutide angalau miezi 2 kabla. Anayekwenda kupasuliwa lazima amwambie mtaalamu wa usingizi, kwa sababu hata akikesha bila kula, matoke na mchuzi wa karanga ya jana huenda bado yako tumboni, na yanaweza kumpanda hadi kwenye mapafu akiwa amelala. Dada yake semaglutide, tirzepatide, ambayo wengi wanaijua kama Mounjaro, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango; unapoanza, na kila dozi inapopandishwa, tumia kondomu kwa wiki 4. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide naye asianze kimyakimya, maana sukari inaweza kushuka ghafla, hasa akiwa amefunga Ramadhani.

Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni si ya kuvumilia nyumbani. Huenda kongosho limevimba, nenda hospitali. Na kama kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo, litaje hilo kabla hujaandikiwa chochote.

Uganda hii ndiyo iliyoupa UKIMWI jina la "silimu" katika miaka ya 1980, kwa jinsi ulivyowakondesha watu kule Rakai na Masaka. Wembamba ulikuwa wa kuogopwa, leo tunaulipia. Nataja haya kwa sababu baadhi ya wanaotumia ARV wamenenepa na wanatafuta njia ya kupungua, nao wakikuta orlistat, vidonge vinavyozuia sehemu ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini, huona ni jambo dogo. Si dogo. Orlistat inaweza kupunguza ARV zinazofika kwenye damu, na wapo ambao virusi vyao vilipanda tena. Mhudumu wako wa ARV aambiwe kwanza.

Halafu kuna friji. Kalamu ya sindano isiyofunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hutupwa hata kama imeyeyuka. Ukinunua kwa mtu wa WhatsApp, hujui kama ilishinda ndani ya gari kwenye jua la Arua, wala kama ni semaglutide kweli: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Duka la dawa lenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, angalau lina mtu wa kumrudia na kumuuliza.

Jirani yangu yuko mwezi wa pili sasa, kwenye 0.5. Kitufe cha kalamu hajakichezea. Analalamika tu kwamba harufu ya mukene, dagaa wa huku, ikikaangwa anaisikia tangu getini.